Dawa ya Koo na Nyundo ya Mnada

Jumatatu, 4 Machi

Habari kubwa! Mnadi mkuu kastaafu. Kaaga asubuhi, kala keki, kaenda zake. Nyundo yake imebaki juu ya meza ya ukumbini, imelala ubavu, inanitazama.

Bosi katuita ofisini, mimi na Kasuku. Kasema Jumamosi kuna mnada mkubwa: vitu vyote vya hoteli iliyofungwa, pamoja na vya kliniki moja ya meno ambayo mwenyewe kachoka na meno ya watu. Mimi ndiye niliyetangulia kazini, kwa hiyo nyundo nitaishika mimi. Nikinadi vizuri, cheo ni changu. Nikivurunda, kinakwenda kwa Kasuku moja kwa moja. Kasuku akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Huyu bwana tumempa jina hilo kwa sababu hanyamazi hata akitafuna.

Naitaka nyundo ile. Niseme kweli, maana hapa hanisomi mtu. Tangu nianze kazi nimenadi masufuria yaliyotoboka na miavuli isiyofunguka, upande wa nyuma, karibu na choo. Mnadi mkuu husimama jukwaani, chini ya feni, na watu humsikiliza. Mke wangu hajawahi kuniona nikisikilizwa.

Tatizo ni moja. Kikohozi. Kidogo tu, cha kukwaruza. Mke wangu kasema nilambe asali yenye ndimu, ninywe maji ya uvuguvugu, nipunguze maneno, kitapita chenyewe. Sawa. Lakini kitapita lini? Mtu mwenye mnada Jumamosi hawezi kukaa akingoja kikohozi kijisikie kuondoka.

Nimeamua kutengeneza dawa mwenyewe. Jikoni tuna kila kitu! Tangawizi, kitunguu saumu, karafuu, mdalasini, pilipili manga. Hesabu yangu ni rahisi: kama tangawizi kidogo hutuliza koo, tangawizi nyingi italimaliza tatizo lenyewe. Nimeponda yote iliyokuwamo kapuni. Nimemwaga karafuu zote za kwenye kopo. Nimetia na pilipili mbichi, zile ndogo zenye hasira, ili ziwaamshe wenzao. Nimechemsha mpaka dawa ikawa nzito na kijiko kikasimama chenyewe.

Nimekunywa glasi nzima. Nimeona nyota mchana kweupe. Inafanya kazi!

Jumanne, 5 Machi

Sauti imekwenda. Yote! Nimeamka nimsalimu mke wangu, kikatoka kitu kama mlango wenye kutu.

Mke wangu kasema jana nilikuwa na kikohozi na sauti, leo nina kikohozi bila sauti, kwa hiyo nijiulize nini kimeingia hapo katikati. Nimemweleza, kwa mikono, kwamba ugonjwa ukikutana na dawa kali hupigana kwanza kabla ya kufa. Akaniangalia kama mtu anayelinda maziwa yasifurike jikoni.

Kazini Kasuku kanipokea kwa pole nyingi, moja juu ya nyingine. Kanishika bega mbele ya Bosi. Kasema, kwa sauti nene isiyo na hata mkwaruzo, kwamba afya ndiyo jambo la kwanza, na kwamba yeye yuko tayari kunibebea mzigo Jumamosi. Mnafiki mkubwa! Bosi akaniambia nijaribu kunadi kitu chochote. Nikanadi stuli. Hakuna aliyejua kama nanadi au nasali. Bosi kasema ananipa mpaka Jumamosi asubuhi. Bila sauti siku hiyo, basi tena.

Nikatoka kiguu na njia mpaka kwa muuza viungo. Nikaonyesha kwa kidole: manjano, karafuu, pilipili manga, mbegu za haradali. Muuza viungo akauliza kama mimi ni daktari wa mitishamba. Sikukanusha. Kwanza sina sauti ya kukanusha, na kisha nimelipenda lile neno. Kila alipopima akaniambia chukua na hii, Daktari. Nimechukua na hii, na ile, na moja ambayo wala sijui ni nini.

Nyumbani, kujifukiza. Sufuria ya maji yanayochemka, manjano ndani, haradali ndani, kichwa chini ya kitambaa. Nilichukua kitambaa kilichokuwa karibu. Kumbe ni kile cheupe cha meza, alichokitarizi mama mkwe kwa mkono wake mwenyewe. Sasa si cheupe. Uso wangu nao umekuwa wa njano, hasa puani.

Na mama mkwe anakuja kesho.

Jumatano, 6 Machi

Mama mkwe kafika na mkoba mmoja na maoni mengi. Kanitazama usoni, kisha akamuuliza mke wangu kwa sauti ya chini kama ini langu limepimwa. Nimepoteza sauti, sijapoteza masikio! Akauliza kitambaa chake kiko wapi. Mke wangu akajibu kiko kwa dobi. Mungu amweke mwanamke huyu.

Mama ana goti. Kila mtu ana goti, najua, lakini la mama lina historia, na katusimulia historia yote chai ikipoa. Hapo nikapata wazo! Mgonjwa kaletwa mpaka mlangoni! Nikimponya mama, mke wangu ataona kwamba dawa zangu ni dawa, na ataacha kunitazama kama maziwa.

Basi, nikamwahidi mama kwa ishara: mafuta ya kuchua. Nimepasha mafuta ya kupikia polepole pamoja na karafuu, pilipili na kitunguu saumu. Nimeyachuja kwa soksi. Safi. Sikuwa na chupa nyingine, nikayatia kwenye chupa tupu ya mafuta ya kupikia. Zikawa chupa mbili mezani, pacha kabisa, lakini sikuwa na wasiwasi: ya dawa ni ile ya kushoto. Halafu mke wangu akaja kupangusa meza.

Jioni, viazi vya kukaanga. Harufu ilinifuata sebuleni, nikaijua. Moyo paa! Nikakimbilia mezani. Nimechelewa. Mama alishaanza kutafuna. Nikasimama nikingoja hukumu. Mama akafumba macho. Akayafumbua. Akasema tangu amwoze binti yake hajawahi kula viazi vyenye ladha namna hii katika nyumba hii. Akaongeza sahani! Na mke wangu, ambaye mama yake hamsifii hata kwa bahati mbaya, aling'aa uso mzima kama mtoto aliyepewa zawadi. Sasa ningesema nini? Na kwa sauti gani?

Nimejifariji hivi: dawa imepitia tumboni, itateremka yenyewe mpaka gotini.

Alhamisi, 7 Machi

Maajabu! Mama mkwe kaamka, kakunja goti mbele yetu, kalikunjua, kalikunja tena. Kasema mafuta yangu ni kiboko. Kumbe jana baada ya kula aliichukua chupa pale mezani, akajichua mwenyewe. Chupa ipi? Iliyobaki. Yaani mafuta ya kupikia ya dukani, matupu, yasiyo na hata punje ya karafuu.

Mke wangu akaelewa papo hapo. Kisha akaelewa na habari ya viazi. Niliona kabisa jinsi ule mng'ao wa jana ulivyomtoka, na roho iliniuma. Akauliza nimejifunza nini hapo. Nimelifikiria sana jambo hili na jibu nimelipata: goti limepona kwa viazi.

Lakini furaha yangu haidumu. Mama, kwa nguvu mpya za goti, akaingia jikoni kusafisha. Akaikuta sufuria ya dawa yangu ya koo. Akanusa, machozi yakamtoka, akaamua hiyo ni dawa ya kuzibulia mabomba. Akaimimina yote kwenye sinki. Sinki limeziba siku nyingi, mafundi wamekuja na kuondoka. Likakoroma. Likameza. Likazibuka! Mama akatuuliza dawa hii tunainunua duka gani.

Kwa hiyo dawa imekwenda na maji. Mke wangu naye kafungia viungo vyote kabatini na ufunguo kautundika shingoni. Nimeshinda na maji ya uvuguvugu na kijiko cha asali, kama mtoto mchanga. Kesho kutwa ni mnada na mimi sina hata karafuu moja ya kutafuna. Nimekata tamaa.

Ijumaa, 8 Machi

Sauti! Nimemwambia paka ondoka, na paka kaondoka! Nikamwita arudi. Nikamfukuza tena. Mama mkwe akaniomba ninyamaze. Sijapata kuambiwa neno tamu kama hilo.

Mke wangu kasema waona? Umekaa kutwa bila kujitia moto kooni na sauti imerudi. Nikamwambia naona vizuri sana: ile dawa ya Jumatatu ilikuwa bado iko njiani, maana dawa nzito haiendi mbio. Mke wangu akaweka kikombe chake chini polepole, polepole mno, akaenda kufua.

Hata hivyo sauti iliyorudi ghafla inaweza kuondoka ghafla. Lazima niifunge kamba. Nimebuni dawa kavu, ya kunusa! Nikamwomba mke wangu ufunguo, nikisingizia majani ya chai. Nimesaga pilipili manga, karafuu na tangawizi kavu mpaka vikawa vumbi laini kuliko poda. Nimeshindilia kwenye kikopo kitupu cha rangi ya viatu. Kesho, kabla ya kuanza kunadi, nanusa kidogo, napiga chafya moja safi, koo linafunguka, kazi inaanza.

Sikuijaribu. Ningeipunguza.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha daktari wa meno. Nitaeleza.

Asubuhi ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Mke wangu alikaa safu ya pili, gauni la maua, mama mkwe ubavuni. Bosi akanijaribu sauti. Nikasema mabibi na mabwana. Ikatoka nzito, ikafika ukuta wa nyuma, ikarudi! Bosi akanikabidhi nyundo mbele ya watu wote. Kasuku akanuna akaenda kusimama mlangoni. Mke wangu akapiga makofi peke yake, kabla ya wengine, kisha akaona haya akaacha. Kidogo nilie.

Ningeweza kuanza hapo hapo. Lakini mimi si mtu wa kubahatisha. Nikatoa kikopo. Kifuniko kikagoma. Nikakivuta kwa meno. Kikafunguka chote kwa mpigo, mimi nikiwa nimesimama chini ya feni.

Kwanza nikapiga chafya mimi. Halafu safu ya mbele. Halafu ya pili. Halafu ukumbi mzima!

Lazima nieleze utaratibu wetu. Kwetu mnunuzi hapigi kelele. Akiinamisha kichwa au akiinua mkono, kapandisha bei. Nyundo ikigonga, kanunua, hakuna kurudi nyuma. Utaratibu huu aliyeupendekeza ni mimi, wakati ule watu walipokuwa wanazozana mpaka kushikana mashati. Bosi aliusifu sana.

Sasa ukumbi mzima unapiga chafya. Vichwa vinashuka, mikono inapanda puani. Vumbi halikuwa limefika mlangoni alikokuwa Kasuku. Akaja mbio, leso usoni, akanipokonya nyundo, akaanza kunadi! Vitanda vya hoteli: vichwa vikashuka, bei ikapanda. Majokofu: mikono ikapanda, bei ikapaa. Gonga! Gonga! Watu walinunua vitu wasivyoweza kuviona kwa machozi. Mama mkwe alipiga chafya moja tu, ya heshima, akajikuta na kengele ya shaba ya mapokezi.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi na kikopo. Nilikuwa napiga chafya mfululizo, kichwa juu, kichwa chini, mikono hewani, wakati Kasuku ananadi kiti cha daktari wa meno. Hakuna mwingine aliyekitaka. Nilishindana na mimi mwenyewe, na sikukubali kushindwa. Gonga! Nikafungua mdomo nipinge. Sauti hakuna.

Waliolalamika walionyeshwa bango la utaratibu ukutani. Bango hilo nililiandika mimi.

Bosi kasema hajawahi kuuza namna hii maishani mwake. Kamkumbatia Kasuku. Aliponifikia mimi akasema kiti nitakatwa polepole kwenye mshahara, utaratibu ni utaratibu. Tukakipakia kwenye mkokoteni. Mke wangu alitembea nyuma ya mkokoteni njia nzima. Alibeba kile kipande cha kuegemeza kichwa.

Jumapili, 10 Machi

Kengele. Mama mkwe anaigonga akitaka chai. Anaigonga akitaka sukari. Anaigonga kuona kama bado inalia. Kasema hataondoka kesho kama alivyopanga, maana goti linaendelea vizuri na viazi hivi asingependa kuviacha.

Kabati limefungwa tena. Maji ya uvuguvugu na asali, kutwa nzima. Nimejilaza kwenye kiti sebuleni, nikawaza yale makofi ya mke wangu, yale ya peke yake. Nilihuzunika. Kweli nilihuzunika. Halafu mguu ukakanyaga kitu, kiti kikainuka chenyewe, taa ikaniwakia usoni, nikapata nafuu. Mganga gani wa nyumbani ana kiti kama hiki?

Jumatatu, 11 Machi

Bahati imebisha hodi tena! Sauti yangu imerudi, safi kabisa, na Kasuku hana yake! Kunadi kutwa ndani ya vumbi lile kumemkausha koo. Bosi kanipigia simu mwenyewe. Kasema kesho wanamalizia vitu vya hoteli vilivyobaki. Nikifika na sauti, ya Jumamosi tumeyasahau, na cheo ni changu. Changu! Mke wangu kasema neno moja tu: maji. Kisha akaanza kunipigia pasi shati, akiimba kidogo kidogo.

Mchana, hodi. Kasuku! Hasemi. Kashika koo, kaashiria kikombe. Mtu mzima, mpinzani wangu, kaja kwa miguu yake kuomba dawa kwangu! Kichwa kilinivimba, siwezi kukataa. Nikamlaza kwenye kiti. Nikamwashia taa. Mama mkwe akamtolea ushuhuda wa goti, mwanzo mpaka mwisho, kisha akagonga kengele akamwamuru binti yake anipe ufunguo. Mama akishaamuru, nani atambishia?

Dawa ile ile ya Jumatatu iliyopita, ila safari hii kali zaidi, maana mgonjwa huyu nina naye mapenzi ya pekee. Nikamletea glasi ikifuka moshi. Kasuku akainusa. Akaniangalia. Akaninyooshea kidole: wewe kwanza.

Mke wangu alikuwa mlangoni, shati mkononi. Akaniambia mume wangu, tafadhali, kesho. Nilimsikia. Lakini ningefanyaje, nionekane naogopa dawa yangu mwenyewe mbele ya Kasuku? Nikajikaza kisabuni, nikaimaliza yote bila kupumzika. Kasuku akatazama rangi yangu inavyobadilika. Akashuka kwenye kiti taratibu. Akamwomba mke wangu, kwa ishara, maji ya uvuguvugu. Akanywa, akainama kushukuru, akaondoka.

Mwoga!

Jumanne, 12 Machi

Nimeamka. Nimefungua mdomo. Kimya.

Nimekwenda kazini hivyo hivyo, na shati langu lililopigwa pasi. Kasuku alikuwa tayari jukwaani, chini ya feni. Sauti yake ilikwaruza kidogo, lakini ilikuwepo, na watu walikuwa wanamsikiliza. Bosi akaniita pembeni. Akaniuliza kitu, nikamjibu kwa kupepesa macho. Akashusha pumzi. Akanipa kibao kilichoandikwa Mnadi Mkuu, nikakitundike kwenye mlango wa Kasuku. Akanipa na nyundo. Hatimaye nimepewa nyundo. Ya misumari.

Wakati natoka Kasuku kaniambia, bila kejeli hata chembe, kwamba yale maji ya mke wangu yamemsaidia mno. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kibao.

Nyumbani mke wangu hakunigombeza. Heri angenigombeza. Kakaa ukingoni mwa kiti cha meno, kanishika mkono, kaniuliza kwa upole kama sasa kosa langu nimelijua. Nikainamisha kichwa. Machozi yalinitoka, wala si ya pilipili. Nikaitikia ndiyo, nimelijua. Naye akavua ufunguo wa kabati shingoni mwake, akaniwekea kiganjani, akasema basi, kama umelijua, hakuna haja ya kukufungia. Sijawahi kuaminiwa namna hii.

Kengele inalia. Mama anataka chai. Siwezi kuitika, ngoja nimpelekee, kisha niwahi kwa muuza viungo kabla hajafunga. Kosa nimeliona, liko wazi kama jua.

Karafuu zilikuwa chache.